Kuku wa Mama

Unguja nzima hakuna anayefinyanga wanyama kama mimi, na darasani sikukaa sana. Wageni wa Mji Mkongwe wananunua punda wangu aliyeelemewa na mzigo, hawajui kuwa ni mimi nilipokuwa hamali sokoni Darajani. Mama nilimfinyangia kuku aliyefunika vifaranga, kwa vile alitulea peke yake. Nikampelekea kwake Kiembe Samaki. Akafungua mlango nusu.

“Sanamu yenye kichwa haiingii kwangu, mwanangu. Malaika wataingiaje?”

“Mama, kuku huyu ni wewe.”

“Basi nikate shingo, niingie.”

Nikakaa barazani, nikamkata kuku shingo kwa msumeno. Sasa yuko jikoni, Mama anamfuta vumbi kwa mapenzi. Mimi nikienda kula kwake, hukaa nimempa yule kuku mgongo.