Darasa la Kiswahili la Bidiya

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya ujumbe wa sauti. Kijana nitakayemwita Nassor, mkazi wa Nizwa, alinieleza kwamba wao watu transjenda wa pande zile walikuwa na mwenzao mmoja aliyewaunganisha, na mwenzao huyo amehamia ng'ambo. "Hatugombani," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Tunapotea tu, mmoja, mmoja. Njoo tufundishe uongozi."

Nyinyi wenzangu mlinihimiza niende. Mlisema mimi ndiye niliyekianzisha kikundi chetu, nimekiongoza miaka yote, nani mwingine atakayewafundisha? Nami nilikuwa na sababu yangu ya pembeni ambayo sikuitaja kikaoni. Nassor ni mjukuu wa shangazi yangu Zuwena, dada wa baba, anayeishi Ibra. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, mpaka alipohamia Omani kuwafuata wanawe. Nilipokuwa mdogo nikijifunga leso yake kifuani, alikuwa akifunga dirisha, hasemi neno. Tangu aondoke sikuwahi kumwona. Anaijua sauti yangu ya simu tu, nayo kwenye simu naifanya nzito.

Majina yote humu nimeyabadilisha, na wengine sitawataja kabisa. Mtanielewa.

Asubuhi ya safari mmoja wenu alininyoa. Pasi yangu inasema mimi ni Saidi, mwanamume, na kule si mahali pa kubishana na pasi. Saada mnayemjua, yaani mimi mwenyewe, alibaki sakafuni pamoja na nywele zake. Aliyeshika mashine alilia kuliko mimi. Nilivaa kanzu na kofia, nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikamwona marehemu kaka yangu. Nikatoka haraka kabla sijabadili nia.

Maskati sikukaa. Nilipanda basi la kwenda bara, milima mikavu ikitufuata pande zote mbili, nikashuka Bidbid, pale barabara ya Ibra na Sur inapojitenga na ile ya Nizwa. Nassor alikuwa akinisubiri kwenye kituo cha mafuta, ndani ya gari dogo jeupe. Kwao anajulikana kuwa ni binti, na alikuwa amevaa abaya na ushungi mweusi uliofungwa vizuri. Alinisalimia mbele ya wauza chai: "Shikamoo, ami."

"Marahaba."

Tulipofunga milango tulitazamana. Yeye ndani ya abaya, mimi ndani ya kanzu, kila mmoja amevaa nguo ambayo mwenzake angeitaka. Tulianza kucheka, tukacheka mpaka Nassor akashindwa kuwasha gari.

"Sasa niambie kweli," alisema akijipangusa macho. "Nikuite nani?"

"Shangazi," nikamjibu.

"Shikamoo, shangazi."

Hapo kicheko changu kikakatika. Sikutegemea neno moja lingeweza kuniuma vile.

Alasiri tulifika Ibra. Nyumba ya shangazi iko nyuma ya bustani ya mitende, na mfereji wa maji unapita chini ya ukuta. Nilimkuta amekaa kwenye godoro la sebuleni, miguu ameinyoosha, magoti yamemchoka. Mwanawe Khalfan, baba yake Nassor, alikuwa akimimina kahawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo karibu, macho yangu si yale. Umekonda! Khabari za huko? Hawapiki?"

Aliniinamisha, akanivua kofia, akapitisha kiganja kichwani mwangu taratibu, kutoka kisogoni mpaka kwenye paji.

"Nywele umekata lini?"

"Juzi, shangazi."

"Hm."

Khalfan alicheka. "Mama, mwanamume hukata nywele kila wiki. Ajabu iko wapi?"

Shangazi alinirudishia kofia, akaiweka sawa kama anayemvalisha mtoto siku ya Idi, kisha akauliza habari za mtaa wetu. Alitaka kujua kama yule mama wa mahamri bado yupo, kama kisima cha msikitini kimefukiwa. Sebule ilikuwa na watu wakiingia na kutoka hadi wakati wa kulala. Sikupata naye hata dakika ya peke yetu.

Jioni ile, tukiosha vikombe, Nassor aliniambia kwa nini anapenda kuja kwa bibi yake. "Kwa Kiarabu kila neno linanikumbusha. Inti, inti, yaani wewe wa kike, kutwa nzima mimi ni mwanamke. Bibi akisema 'umekula, mjukuu wangu?' hakuna kitu ndani inanichoma. Kiswahili yangu mbaya, lakini humo napumzika."

Ijumaa, baada ya sala, tulikwenda Bidiya. Nassor alikuwa ameomba nyumba ya kupumzikia iliyo ndani ya shamba la mitende, mali ya Mzee Hilal, rafiki wa familia yao. Ukipanda juu ya dari unaona mchanga mwekundu unaanza pale pale mitende inapokwisha. Familia ziliambiwa kuna darasa la Kiswahili kwa vijana wa nyumba zilizotoka Afrika. Si uongo mtupu, maana vijana wenyewe lugha imewaponyoka.

Walikuja watano pamoja na Nassor. Mmoja ni Badriya, ambaye ofisini kwake Nizwa anafahamika kama mwanamume, mtu mpole anayeongea akitazama mikono yake. Niliwaeleza yote tunayofanya kwetu: tunavyofuatana na wakili kituoni, tunavyokwenda redioni, tulivyomkabili chifu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mmoja, ambaye wazee wake walitoka Bujumbura, akainua mkono.

"Ticha, samahani. Hiyo ni ya nchi yenu. Hapa ukitoa jina lako, familia nzima inaumia. Tupe ya hapa."

Sikuwa nayo ya hapa. Nilikaa chini. Nilikunywa maji. Mwishowe niliuliza: "Kila mtu aniambie, wa mwisho kuzungumza naye katika nyinyi ni nani?"

Wakaanza kutajana. Huyu alimpigia yule, yule alikutana na huyu sokoni. Tulipomaliza, jina moja halikutoka kinywani mwa mtu yeyote: Rahma, mwenzao wa Sur.

"Nilifikiri wewe unampigia," Nassor alimwambia Badriya.

"Mimi nilifikiri ni wewe."

Kila mmoja alidhani mwenzake anamjulia hali. Rahma hakuwa amesikika tangu kiangazi. Mmoja wao akatoka nje kusimama uani.

Ndipo tuliposikia gari. Mzee Hilal mwenyewe, na kapu la tende. Alisimama mlangoni akatutazama, mchanganyiko ule wa abaya na kanzu, nyuso zote zimepauka. "Darasa gani hili? Mbona kama mko matangani?"

Niliinua kikombe changu cha maji, nikakirudisha chini. Nassor alikuwa amekodoa macho kama aliyeona nyoka. Aliyesimama ni Badriya, yule anayetazama mikono yake.

"Ahlan, mzee wetu, karibu. Tunasoma Kiswahili, na maneno ya zamani yametushinda. Nyumbani hakuna anayetusemesha. Hebu kaa nasi, utufundishe neno moja la Unguja ambalo sisi hatulijui."

Mzee akavua viatu. Akakaa katikati yetu, akafikiri, akasema: "Kidaka. Mnajua kidaka?"

Hakuna aliyejua. Akatueleza nyumba yao ya mtaa wa Malindi, Unguja, kuta nene zilivyochongwa vidaka vya kuwekea taa na Msahafu, na jinsi mama yake alivyokuwa akiweka asumini humo ili sebule inukie. Alipofika kwenye asumini alitazama kuta za chumba kile. "Nimejenga nyumba hapa kubwa kuliko ile," alisema. "Sikuweka kidaka hata kimoja. Sijui kwa nini." Kisha akainuka, akatuombea dua, akaondoka na kutuachia tende.

Tulipumua. Wawili walicheka mpaka wakalia, na nadhani kulia ndiko kulikokuwa kwa kweli. Nilimtazama yule mzee akiendesha polepole kati ya mitende. Angejua sisi ni nani, angekaa? Swali hilo bado ninalo. Nilikuwa nimempenda.

Baada ya hapo sikufundisha tena. Badriya alishika zamu bila kuombwa. Aliuliza nani ana chumba cha kumlaza mwenzake akifukuzwa, nani ana ndugu anayejua sheria, nani apigiwe simu kwanza mtu akikamatwa, na nani awe wa pili kama wa kwanza hapatikani. Aligawa watu wawili wawili ili asibaki mtu wa kudhaniwa tu kwamba yuko salama. Kisha akasema, "Kesho nakwenda Sur. Shangazi, utafuatana nami?"

Asubuhi Nassor alituendesha hadi Sur, jangwa likiisha kidogo kidogo na hewa ikianza kuwa na chumvi. Yeye alibaki garini. Mimi na Badriya tulivuka barabara, wanaume wawili kwa yeyote atakayetutazama, tukaingia katika duka la rangi na vifaa vya ujenzi. Rahma alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa kanzu, ndevu ameziacha zikue. Kaka yake alikuwa mlangoni akizungumza na mteja.

"Tunatafuta rangi ya chumba cha darasa letu la Kiswahili," alisema Badriya.

Rahma akatandaza karatasi ya vipande vya rangi. Aliongea akiwa ameinamia zile rangi. "Wameniwekea ndoa baada ya Idi. Simu yangu anaishika kaka."

Nilitaka kumwambia twende. Gari liko pale, Maskati si mbali, Mombasa tuna nyumba. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badriya akanishika mkono wa kanzu, kwa ncha za vidole tu, akamuuliza Rahma: "Wewe unataka tufanye nini?"

Rahma aliweka kidole juu ya rangi ya samawati. Nadhani alikuwa hajaulizwa hivyo kwa miaka.

"Msije tena dukani. Na kutoroka siwezi, mama ni mgonjwa. Ila msinitoe katika hesabu yenu. Ile Kiswahili mnayosoma, nitumieni neno moja kila Ijumaa, niulizeni maana yake. Kaka akisoma ataona masomo. Nikijibu, nipo. Siku nisipojibu..."

Hakumaliza. Kaka yake alikuwa anakuja. "Mmepata?" akauliza.

"Tumepata, alhamdulillahi," Badriya alimjibu. "Tutarudi tukishapima ukuta."

Garini Badriya alimsimulia Nassor yote mpaka mji ukabaki nyuma. Kisha Badriya na Nassor wakaanza kupanga nani atatuma neno la Ijumaa, nani atakuwa karibu na Sur siku jibu litakapokosekana, nani wa kumwendea kaka yake kama rafiki wa kawaida. Walizungumza Kiarabu, haraka haraka, na mimi niliyekaa nyuma sikuelewa hata nusu. Hawakugeuka kuniuliza. Nilitazama vilima vikipita nikajiona mtu mzima ambaye wanawe wamehama. Niliona fahari, nikaona pia upweke, vyote kwa pamoja.

Ibra tulirudi kwa kuaga. Safari hii niliomba moyoni nimkute shangazi peke yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: shangazi, mimi si Saidi, na nadhani wewe unajua. Lakini Khalfan alikuwepo, na majirani wawili, na kahawa, na halwa. Nilimbusu shangazi mkono. Hakuuachia wangu.

"Ukifika Mombasa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "kuna binti wa ndugu yangu huko. Sijamwona tangu mdogo. Nisalimie."

Khalfan aliweka kikombe chini. "Mama, binti gani? Mjomba alizaa wavulana watupu."

"Wewe hukumjua ndugu yangu kama mimi," alimjibu, macho yake mabovu yakiwa juu yangu. "Alikuwa na binti. Nimemlea kwa mikono hii. Mwambie shangazi yake anamkumbuka kila siku ya Mungu, na kama si magoti haya ningemfuata huko huko aliko."

"Nitamwambia, shangazi," nikasema. Sauti ilinitoka kama ilivyo, sikuifanya nzito.

"Mwambie na nywele azirudishe."

Nimefika nyumbani, wenzangu, na mmeshanipokea. Mlinituma kufundisha uongozi. Nililojifunza ni hili: miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu la kufanya, na mara chache nimewauliza wanataka nini. Katika kikao kijacho naomba mchague mwingine akae kiti cha mbele. Nitakaa nyuma, na mtu akinitaka nitakuwepo.

Mipango ya ndoa ya Rahma bado haijavunjwa. Ijumaa iliyopita alijibu, kwa herufi za kukosea. Mengine ya Badriya na wenzake siyajui tena, wala hawana haja ya kunieleza, ingawa kila ninapopika chai nawatamani wawepo kuinywa.

Nywele zimeanza kuota. Ni fupi mno kusukwa, lakini jana nilizipaka mafuta.