Wenye Simu Wakae Nyuma

Nilikuwa utingo wake kwa miaka kumi na mmoja. Nilifunga maturubai, nikabadilisha matairi, nikalala juu ya mizigo, na muda wote huo sikuwahi kumsikia akimwomba mtu ruhusa ya kupita. Alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha trela katika kampuni yetu, na kila mtu, kuanzia walinzi wa getini hadi meneja, alimwita Dereva, kana kwamba wale wanaume wengine arobaini walikuwa abiria.

Kisukari ndicho kilichomshusha. Madaktari walimkata mguu wa kulia chini ya goti, yaani mguu wa mafuta na breki. Alipotoka hospitali binti yake, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alimchukua akakae kwake. Vyumba viwili vya Dereva vikapigwa kufuli. Akapewa chumba cha mbele chenye pazia zito, kiti cha magurudumu, na ratiba iliyobandikwa ukutani: dawa, chakula, mazoezi, kupumzika. Neno kupumzika niliona limeandikwa mara nne.

"Utingo," aliniambia nilipokwenda kumjulia hali, "hapa nimeegeshwa."

Aliyemwamsha ni muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimfunga kidonda, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mpole, ila mgonjwa wa gemu. Siku moja, ili mgonjwa wake asiutazame mkasi, alimshikisha simu yenye gemu ya kuendesha malori. Dereva alichungulia, akasonya. Aliyechora barabara hii, akasema, hajawahi kubeba saruji hata mfuko mmoja. Wiki iliyofuata gemu ile ilikuwa kwenye simu yake mwenyewe.

Mimi kilichonishangaza si gemu, ni kwamba haikai mahali pamoja. Alianza safari kwa simu kwenye foleni ya zahanati, akaizima. Akifika nyumbani aliwasha runinga ya sebuleni, akaandika namba yake na nenosiri, na lori lilikuwa palepale alipoliacha, mafuta yamepungua vilevile, tope limeganda vilevile. Muuguzi alitueleza kwamba mchezo wenyewe uko kwenye mitambo ya kampuni ya gemu, mbali huko. Simu, runinga, kompyuta, vyote ni madirisha tu ya kuchungulia.

"Miaka michache ijayo hakuna atakayekuuliza unachezea nini," alisema. "Chochote chenye kioo na intaneti kitatosha."

"Wenye vioo vikubwa bado hawajaambiwa," Dereva akajibu.

Alikuwa akiusema msafara. Kila Jumamosi asubuhi madereva thelathini wa gemu ile, Dereva na muuguzi wakiwamo, walikutana na kusafiri pamoja, kila mmoja kwao, wakisemezana kwa vipaza sauti. Kiongozi wao alijiita Kamanda. Yeye alichezea kompyuta yenye usukani na pedali, vitu vya maana kweli. Kando ya jina la kila dereva kulikuwa na alama ndogo ya kuonyesha anatumia nini. Jumamosi mbili mfululizo Kamanda aliwaongoza kwenye mlima wa kona kumi na tisa, na mara zote mbili nusu ya malori yaliishia bondeni. Dereva, aliyekuwa kwenye simu yake, alimwambia kosa lake ni kukanyaga breki mlima mzima mpaka zinaungua. Kamanda akacheka. Akatangaza kwamba wanaowachelewesha ni watu wa simu, na kuanzia safari ijayo wenye simu wakae nyuma au wasije.

"Mimi nimeshusha tani thelathini za mabomba mlimani kwenye mvua," Dereva alisema. "Wewe umeshusha nini, mwanangu?"

"Bibi, hii si barabara ya kwenu," Kamanda akamjibu, watu wakaangua kicheko.

Alhamisi yake, binti akaichukua simu. Sitaki kumsingizia ubaya. Presha ya mama yake ilikuwa imepanda, mazoezi ya mguu hayakufanywa siku tano, na jirani alikuwa amesikia mtu mzima akifokea simu, "Gia ndogo, mpumbavu wewe!" Binti aliitia simu kwenye mkoba wake, akaenda nayo shuleni. Dereva akahamia kwenye runinga. Ijumaa binti akaondoka na waya wa runinga pia.

Jumamosi saa tatu kasoro nilimwona Dereva anaingia karakana ya matairi niliyofungua nilipoacha utingo, anasukuma magurudumu ya kiti kwa mikono yake mwenyewe, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Ni mwendo wa kilomita nzima, na nusu yake ni kupanda.

"Ile runinga yako inashika intaneti?"

"Inashika, Dereva."

"Basi zima hiyo pampu ya upepo. Nina safari."

Muuguzi alikuwa ameniachia pedi yake ya kuchezea. Dereva akaingia kwa namba yake, na malori yalikuwa tayari chini ya mlima. Kamanda aliona alama ya runinga kando ya jina lake.

"Aa, bibi umepata kioo! Haya, ongoza tuone."

Alisema kwa dhihaka, lakini alisema, na Dereva hakusubiri arudie. Akapita mbele, wakaupanda mlima. Pale kileleni, kabla ya kona ya kwanza, aliwaamuru wote waingie gia ndogo. Wateja wangu wawili waliacha magurudumu yao wakaja kutazama. Mimi nilisimama kando ya kiti, mkono wangu wa kushoto umeshika bomba la kujishikilia ambalo halikuwepo, kama nilivyokuwa nikifanya ndani ya trela tuliposhuka.

Baada ya kona ya tisa kuna uwanja wa kuegesha. Akawasimamisha wote breki zipoe. Kamanda alilalamika kwamba wanapoteza dakika. Hapo ndipo kioo kikawa cheusi.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, plagi ya runinga mkononi.

"Mama, daktari alisema upumzike."

"Alisema mguu upumzike. Mimi hakunitaja."

"Utakufa, mama. Utakufa kwa mchezo wa watoto, kwenye karakana, mbele za watu!"

"Nirudishie umeme."

"Sirudishi."

Dereva hakubishana tena. Alinyoosha mkono bila hata kunitazama, kama zamani alipotaka spana, nami nikampa simu yangu. Ilikuwa na ufa katikati na grisi kila kona. Aliipangusa kwenye kanga yake, akaandika namba, akaandika nenosiri. Lori lilikuwa uwanjani bado, taa za hatari zinawaka, malori ishirini na tisa nyuma yake.

"Breki zimepoa," alisema. "Tunashuka."

Walifika kona ya kumi na mbili kabla mtu hajagundua. "Kamanda," sauti moja ilisema, "alama ya bibi imebadilika. Yuko kwenye simu."

"Bibi, toka mbele!"

"Njia ni nyembamba," Dereva alijibu. "Njoo unitoe."

Hakutoka. Kona zilizobaki alizishuka kwa vidole gumba viwili kwenye kioo kilichopasuka, akitaja gia kwa sauti, na sauti moja moja zikaanza kumwitikia. Waliofika chini ni ishirini na tisa. Aliyeanguka kona ya kumi na saba alikuwa muuguzi, maana alikuwa anapiga pasi sare zake huku anaendesha.

Kamanda alikuwa ameingia salama, wa pili. Hakushukuru. Alisema kanuni ni kanuni, akajitoa kwenye mazungumzo.

Binti alikuwa ameketi juu ya tairi la trekta. Analia au anacheka, sikuweza kujua. Mama yake akamgeukia.

"Mazoezi nitafanya. Asubuhi na jioni, na wewe utaniuliza, nami nitakujibu kwa adabu. Lakini Jumatatu narudi kwangu. Niletee ufunguo wa kufuli, la sivyo Utingo ana nyundo."

"Na ukianguka?"

"Nitainuka, au nitakuita. Sikukuzaa uje kunifungia, mwanangu."

Binti alimnunia mwezi mzima. Hata hivyo Jumatatu ile ufunguo aliuleta yeye mwenyewe, pamoja na ratiba, ambayo Dereva aliikunja mara nne akaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Mazoezi anafanya kweli. Wiki hii ametembea kwa mguu wa bandia kutoka mlangoni hadi bombani.

Sasa ana msafara wake, watu hamsini, na hakuna anayepangwa kwa kifaa chake. Mmoja anaendesha kwa kioo cha kaunta dukani kwake, mteja akiingia anaegesha. Juzijuzi kampuni yenye mitambo imetangaza kwamba simu za zamani hazitapokewa tena mwakani. Dereva aliniita, akanipa kalamu, tukawaandikia. Wakajibu kwa mistari miwili ya kumshukuru kwa maoni yake. Barua ya pili imekwenda jana, ina majina ya watu wote hamsini. Kuna maneno mawili ndani yake niliyokataa kuyaandika, akaninyang'anya kalamu akayaandika mwenyewe.