Santuri Alimoitikia Halima

Harufu ya mbuzi na vumbi jekundu hunirudisha kwenye safari ya kutoka Mandera, juu ya lori la mifugo, mikono imeshika kamba na mchanga umejaa mdomoni, mpaka Garissa ilipojitokeza na mtu akaniteremsha kama mzigo. Mama alikuwa amefariki. Baba, aliyefanya kazi Isiolo, alikubali nikae hapo Garissa, mtaa wa Waberi, na kaka yake mama, Abti Dahir, mradi Abti amudu karo yangu.

Abti alikuwa dalali wa mbuzi, lakini nyumbani aliletewa santuri azithamini. Familia zilizokimbia vita ng'ambo ya mpaka zilifika nazo zikiwa zimefungwa kwa kanga, na wanunuzi wa Nairobi walizifuata. Abti aliinamisha santuri juani akitafuta mikwaruzo, akailaza juu ya kioo aone kama joto limeipinda, kisha akanusa jalada kama limewahi kulowa. Bei ilipatanwa kama ya mifugo, mikono imefunikwa shali, vidole vikisema na watu wakibaki kukisia. Yake aliyoipenda ilikuwa moja, ambamo marehemu mkewe, Halima, aliitikia pamoja na wanawake wengine. Baada ya swala ya alasiri aliniketisha mkekani, akainua kidole kila sauti ya Halima ilipopita. Mimi sikuweza kuitenga na nyingine. Yeye hakukosea.

Nilipomaliza darasa la nane, Abti alitoa santuri zake zote ziuzwe kwa ajili ya shule yangu. Ya Halima aliiweka chini kabisa. Mnunuzi, aliyekaribishwa soda, alizipenda, mikono ikaingia chini ya shali, nami nikaona uso wa Abti ukilegea. Kisha yule bwana akaifikia ile ya mwisho.

"Hii imekwisha, mzee. Haina bei. Niongezee tu, kama mnavyoongeza kitoto cha mbuzi."

Abti akautoa mkono wake. "Ungesema bei, hata ndogo, ningekupa. Bure hapana."

"Kwa sahani moja unavunja biashara?"

"Nyongeza ni hiyo soda. Maliza, uende salama."

Hivyo karo ikakosekana, na ikaamuliwa niende kwa baba. Tangu hapo nimehamahama, Isiolo, Nakuru, Voi, wala sijakaa mahali mtu akaniketisha alasiri nzima ili nimsikie mtu wake. Mwaka huu nilikuta nakala nyingine ya santuri ile Eastleigh, Nairobi, haina hata mkwaruzo. Mwenye duka akaniuliza nitatoa ngapi. Niliigeuzageuza kwenye mwanga, nikamrudishia.

Siku niliyoondoka Garissa, Abti aliiweka ile yake kwenye gramafoni asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lori likapiga honi nje. Akainua kidole, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Halima, sauti nyembamba, iliyochelewa kidogo nyuma ya wenzake. Honi ikapigwa tena. Nikabeba begi langu, nikatoka wimbo haujaisha.