Maji ya Kuwanawisha Washindi

Juzi nilipita Kabambare kwa pikipiki, nikasikia firimbi ikilia kwenye uwanja wa shule. Nikaziba masikio, mimi mama mzima wa watoto. Ngoja nikueleze sababu, ndugu yangu.

Kule Wamaza yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa akikimbia bure tu. Akitumwa mtoni anakimbia. Akitumwa shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, anakimbia, anarudi akihema na kucheka, nusu ya majani yamebaki njiani. Nyanya alimgombeza: “We mutoto, nani iko anakufukuza?” Hakuna aliyemfukuza. Alipenda.

Kisha mwalimu wa michezo, firimbi shingoni, akamwona, akamchukua kumwandaa pamoja na watoto wengine kwa mashindano ya Kasongo. Wazazi walipokezana kupika chakula cha baada ya mazoezi. Kwetu, kumnawisha mgeni mikono ni heshima. Mwalimu yule aliigeuza adhabu: aliyefika wa mwisho alishika birika na beseni, akawanawisha wenzake, halafu akasimama kando mpaka sufuria iishe. “Njaa inafundisha vizuri kunipita mimi,” alituambia sisi tuliokuja kutazama, tena kwa furaha.

Siku moja yaya aliumia kidole cha mguu, akafika wa mwisho. Siku hiyo zamu ya kupika ilikuwa ya mama. Bugali wa moto, sombe inanukia mawese, na mtoto wake mwenyewe anamwagia wengine maji. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kupakua. Namchukia mwalimu yule hata leo, na mama nilikawia sana kumsamehe.

Tangu hapo yaya hakushindwa tena. Alitapika kila mara kabla ya mazoezi, na usingizini miguu yake ilirusharusha shuka. Mtoni sasa alikwenda akitembea, ili asichoke. Watu wakasema mwalimu anajua kazi yake. Huko Kasongo yaya akashinda, na nyanya akampelekea mwalimu jogoo wa shukrani. Yaya alipoambiwa aseme neno mbele ya watu, aliuliza: “Sasa ninaweza kuacha?” Watu wakacheka sana, wakapiga makofi.

Leo anauza mawese sokoni Kasongo. Mvua ikishuka, soko zima linakimbilia chini ya mabati. Yeye anatembea katikati ya mvua, analoa. Watoto wake wanamtania kwamba mama yao hajui kukimbia, naye anawajibu kwamba ni kweli, hajawahi kujua.