Fundi Anayeomba Zipu Ikwame

Saa mbili asubuhi. Kibandani kwake sokoni, Fundi Zipu anafunua cherehani yake, na kabla hajagusa sindano anafunga nyuzi tano nyekundu kuizunguka chupa ya maji ya lita tatu. Kila uzi una saa yake. Maji yasiposhuka hadi hapo, kazi inasimama.

Mama huyu wa miaka arobaini na saba hutengeneza zipu za mabegi na makoti. Uvimbe wa shingoni alidhani ni wa kuinama kutwa, kumbe ni saratani ya tezi za limfu. Ameshapata dripu tatu za dawa ya saratani kati ya sita, na mapato yake yamepungua nusu.

Muuguzi alihangaika kumweleza dawa inavyofanya kazi, hadi akayaona makovu ya sindano ya cherehani vidoleni mwake, akajua ni fundi. Akamwambia seli ikitaka kujigawa, nyuzi zake mbili za vinasaba lazima zifunguke kama zipu. Dawa inayagandisha meno. Seli inashindwa kufunguka, inakufa. Za saratani hujigawa bila kupumzika, ndiyo maana huumia zaidi.

"Na nywele zangu nazo zilikuwa na haraka ya kujigawa," anasema, akijipapasa upara. "Zikaondoka na msafara."

Kosa alilifanya baada ya dripu ya tatu. Aliagizwa anywe maji mengi, lakini choo cha soko kiko mbali, na fundi akiinuka mteja anahamia kibanda cha pili. Akafanya kama mafundi wenzake: hakunywa tone hadi jioni. Siku ya pili akakojoa damu. Bila maji ya kuyasafisha, mabaki ya dawa yalikuwa yamekiunguza kibofu, na daktari akaahirisha dripu ya nne.

"Nililia," anasema. "Dawa inapigana, mimi naiangusha kwa mkono wangu mwenyewe."

Sasa mdogo wake, muuza vitunguu wa jirani, hulinda kibanda kila anapokwenda chooni, na humtania kwamba angehamia hukohuko na cherehani. Damu imekoma. Dripu ya nne ni Alhamisi, naye ameapa kuzimaliza zote.

Nyuma yake, msumarini, limetundikwa koti lake mwenyewe, zipu imekwama katikati. Wateja humcheka: fundi gani huyu?

"Hilo nitalifungua siku ya dripu ya sita," anasema, akiinua chupa. "Kwa sasa liacheni likwame."