Alifunga Bao la Fainali, Nyumbani Wakimlilia Mama Yake

Jua limekwisha kuvuka milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, na hapa Kalundu, bandari ya Uvira, mchanga umeanza kuchoma nyayo. Mwanamume mrefu ameinama juu ya kichanja cha waya, anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa viganja viwili, taratibu, asiwavunje vichwa. Kulia kwake wanawake, kushoto kwake wanawake. Mwanamume ni yeye peke yake.

"Térence, ule upande iko mubichi bado," anasema mama mmoja bila hata kumtazama. "Ao unangojea arbitre apige filimbi?"

Wenzake wanacheka. Térence anatabasamu kidogo, anahamia upande ule, anaendelea na kazi.

Mama huyo ni Spès, mwenye kichanja cha jirani. Anayetaniwa ni Térence Kashindi, umri wake miaka thelathini na minne. Kwa misimu kadhaa alikuwa mshambuliaji wa klabu moja kubwa ya kusini mwa nchi, ambayo ameomba nisiitaje. Amenyanyua kombe mara mbili. Watoto wa Uvira walikuwa wakiandika namba yake kwa mkaa kwenye fulana zao. Leo anaanika samaki, kazi ambayo hapa Kalundu ni ya wanawake, na anaianika mahali palepale alipokuwa akianika marehemu mama yake.

Mjini watu wana maelezo yao. Wapo wanaosema alikula pesa zote. Wapo wanaosema alirogwa, maana Uvira mtu akiacha mshahara mnono kwa hiari yake, lazima kuna mkono wa mtu. Hata mimi nilishuka Kalundu na swali langu limenyooka kabisa: je, ukishashinda uwanjani, moyo nao unashiba?

"Moyo?" Térence anauliza, anapangusa magamba mikononi. "Batu elfu mingi banaita jina yako. Ukirudi ku hoteli unafunga mulango, unabaki weye na televizyo. Unazima televizyo, unabaki weye. Hiyo ndiyo ilikuwa maisha yangu, papa. Lakini sikuacha mpira juu ya hiyo. Upweke wa hoteli muntu anazoea."

Alichoshindwa kukizoea ni jambo jingine, na hilo kila mtu wa Kalundu analijua, ila hakuna anayependa kulisimulia mbele yake. Alilisimulia mwenyewe, akiwa bado anageuza samaki.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Klabu yake imeingia fainali, inayorushwa moja kwa moja nchi nzima. Mkataba wake unakaribia kwisha, na viongozi walishamwambia kwamba fainali hiyo ndiyo itakayosema kama utaongezwa. Kabla ya timu kuingia kambini, ambako simu za wachezaji hukusanywa, alipiga nyumbani. Alipokea dada yake mkubwa, Geneviève. Akamwambia Mama amechoka kidogo, amelala, weye ucheze vizuri.

Mama hakuwa amechoka kidogo. Alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kabla ya fainali alikuwa ameshafariki. Walimpandisha Lemera, kwenye milima alikozaliwa, wakamzika huko. Kisha familia ikateremka Kalundu kukaa kilio pamoja na majirani. Geneviève alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba jambo moja: asitokee mtu wa kumfikishia Térence habari hadi mechi iishe. Na Kalundu, mji wa bandari ambao hata bei ya sabuni haifichiki, ikanyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema ni nini kinamuumbua anayeficha kifo chenyewe.

Siku ya fainali, vijana wa mtaa walileta jenereta na televisheni hapohapo kwenye kilio. Mama Spès alikuwepo, na hadi leo akiizungumzia siku hiyo sauti yake inashuka.

"Tulisema, huyu ni mutoto ya marehemu, tumuangalie naye ni sehemu ya kilio. Basi akafunga. Batu bote wakasimama, hata wazee, tukapiga kelele ya bao. Kisha akapandisha maillot. Chini alivaa singlet nyeupe, ameandika: MAMA HII NI YAKO." Mama Spès anapangusa mikono kwa kitenge. "Hatukuwa tumelia vile hata siku ya kuzika."

Huko kusini hakuna aliyekuwa na habari. Walimbeba mabegani. Jioni alipiga simu nyumbani, kombe liko mezani mbele yake, na dada yake akamwambia tena: Mama amechoka, pumzika na weye.

Geneviève alikuwa amepanga kumtuma mchungaji akamwambie uso kwa uso. Lakini Térence hakungoja. Siku chache baadaye, bila kumwarifu mtu, alinunua friza kwa ajili ya mama yake, ili asiwe anauza samaki kwa hasara kila mvua inapokataa kukatika. Akasafiri nayo hadi bandari ya Kalemie, akapanda meli, akateremka Kalundu akicheka.

Msomaji asiyeijua bandari ya Kalundu anapaswa kuelezwa kitu kimoja. Hapo hakishuki kifurushi bila ugomvi. Wapakizi watakurukia, watavuta mzigo huku na huku, watataja bei ya kukutoa jasho, nawe utataja yako ya kuwatukana, na mtaelewana mkiwa mmeshapeana majina ya kila namna. Ndiyo salamu ya pale. Tena mtu mwenye jina, aliyetoka kushinda kombe, ndiye wa kukamuliwa zaidi.

"Siku ile hawakusema bei," anasema Térence. "Walikuja wane, bakabeba kongelateri polepole, hakuna hata mumoja alinitukana. Minye nasema, jamani, munataka ngapi? Bananyamaza. Ule mukubwa wao akaniambia, 'Twende tu, buteur, leo hatuombi kitu.' Hapo nikaelewa. Nilijua iko muntu amekufa. Sikujua nani, mpaka nilifika ku nyumba na kuona Mama hayuko ku mulango."

Hakuzungumza na dada yake usiku ule. Hajazungumza naye tangu hapo.

Alirudi kusini, akatia saini mkataba mpya, ule ule ambao Geneviève alihofia asije akaukosa. Akafunga mabao mengine. Msimu uliofuata wakachukua kombe la pili, na anasema alikimbia uwanja mzima na wenzake huku akijiuliza atampigia nani simu. Hakumpata mtu wa kumpigia. Alimaliza msimu, akaacha mkataba mezani, akarudi Uvira kwenye nyumba ya mama yake ya vyumba viwili. Viongozi walimpigia hadi wakachoka.

Friza iko chumbani, haijawahi kuwashwa. Anatunzia nguo zake humo.

Anaishi peke yake. Anapika sufuria moja ya ugali asubuhi, anakula mara mbili. Jioni vijana wa mtaa wa Kasenga humwita akawafundishe mpira. Huwafundisha vizuri, kwa upole, kisha hutembea kurudi Kalundu bila kubaki kupiga soga. Kipato cha ndagala, anakiri, kwa mwezi mzima hakifiki hata posho ya mechi moja ya zamani. Hiyo haimsumbui. Kinachomsumbua anakitaja tu ukimkalia kimya muda mrefu.

"Hapa Mama alisimama," anasema. "Nikigeuza samaki nafikiri labda nitajua alikuwa anawaza nini. Sijui bado. Sijui hata kama aliniulizia. Hakuna muntu anaweza kuniambia, isipokuwa ule ambaye sitaki kumusikia."

Kwa desturi ya familia yao, kilio cha mzazi hakiondolewi mpaka watoto wote wasimame pamoja kaburini. Kwa kawaida ni suala la mwaka mmoja. Watu hukusanyika, husali, hula, na nguo nyeusi huvuliwa. Marehemu alikuwa na watoto wawili tu. Mmoja hajawahi kupanda Lemera. Kwa hiyo mwingine, kwa miaka sita, hajavua nyeusi.

"Ananivalia minye," anasema Térence, na kwa mara ya kwanza namwona amekasirika. "Anataka batu baone nani mubaya."

"Anakungojea, mwanangu," anasema Mama Spès kutoka kichanja cha pili. "Kungojea na kushitaki si kitu kimoja." Térence akahamia upande wa pili wa kichanja.

Nilipanda Lemera, anakoishi Geneviève sasa. Pikipiki ilipita bonde la Ruzizi kwenye joto lake, ikaanza kupanda kwenye mihogo na migomba, hadi hewa ikawa ya kutafuta koti. Geneviève nilimkuta shambani analima maharagwe, amevaa kitenge cheusi kilichopauka hadi kuwa rangi ya majivu. Kaburi liko nyuma ya nyumba, limepaliwa vizuri. Kwenye sherehe za harusi, aliniambia, watu humweka nyuma ili ile nyeusi isionekane kwenye picha.

Nilitegemea ajitetee. Hakujitetea.

"Mama alimuita," alisema, ameegemea jembe. "Usiku wa mwisho alimuita jina, Térence, Térence, yuko wapi. Ningempigia siku tatu kabla, angefika. Minye niliwaza mkataba. Niliwaza, Mama ameanika samaki maisha yake yote juu ya huyu mutoto acheze, na sasa ndio anafika, nimuangushe minye? Basi nikamushika Mama mukono, nikamwambia, yuko njiani. Akauliza tena, nikasema amefika Kalemie, anapanda meli. Akatulia. Alikufa akijua anakuja."

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Niliwadanganya wote wawili, papa journaliste. Mama nilimwambia anakuja. Yeye nilimwambia Mama amelala. Kila siku napiga simu nimwambie hii, na kila siku anakata. Umupelekee weye. Akitaka kunichukia, anichukie akijua yote."

Kazi ya mwandishi si kubeba maneno ya familia, na njia nzima ya kuteremka nilitamani ningekataa. Mtu aliyeishi miaka sita akijiuliza kama mama yake alimuulizia, unamwambiaje kwamba ndiyo, alimuita, na angeweza kufika?

Nilimkuta Kalundu, wingu limejikusanya juu ya ziwa na wanawake wanakimbizana kufunika samaki kwa turubai. Nilimsaidia kufunga kona moja. Kisha nikamwambia, kwa maneno ya dada yake, bila kupunguza wala kuongeza.

Térence aliketi kwenye mchanga. Mvua ilianza, matone makubwa, na hakuinuka. Mama Spès alikuja akasimama kando yake na ndoo mkononi. Térence alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu kwenye kilio, kilio ambacho wenzake walikilia zamani bila yeye. Wanawake waliacha kazi, wakasogea, mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa chini, wengine wakamfuata. Samaki wa upande mmoja walilowa, na hakuna aliyekwenda kuwafunika.

Mvua ilipopungua, alimwomba Mama Spès amwangalizie vichanja kuanzia Ijumaa. Mama Spès akasema vichanja vitaangaliwa na wengine, maana yeye naye anapanda Lemera. Jumamosi kilio kitaondolewa, na Geneviève atavua ile nyeusi.

Nilimuuliza kama amemsamehe dada yake. Alikuwa akikung'uta maji kwenye turubai.

"Sijui, papa," alisema. "Lakini alimwambia Mama niko njiani. Basi acha nifike."