Hela ya Dada

Mama yangu mzazi nilimwita Dada mpaka nikafika miaka kumi na sita, na kosa halikuwa langu. Aliondoka kwenda kutafuta kazi ng'ambo nikiwa bado natambaa. Nikabaki kwa bibi, mama yake, katika nyumba yenye wajomba wawili na mama mdogo mmoja, wote wadogo zake. Hao walimwita bibi "Mama", na aliyesafiri wakamwita "Dada". Nami nikaokota maneno yao kama nilivyoyasikia. Mwanzoni walivunjika mbavu kwa kicheko; walipokuja kutaka kunisahihisha, ulimi ulikuwa umeshazoea.

Kila mwisho wa mwezi hela ya Dada ilifika. Bibi alivaa nguo yake ya kutokea, akajipaka mafuta, akaenda kwenye dirisha la wakala wa pesa kuichukua kama mtu aliyealikwa harusini. Hata leo natamani kusikia viatu vyake vikirudi siku hiyo, tukijua kwa mwendo wake tu kwamba imepatikana. Hela ile ilinisomesha, ikaezeka paa upya, ikamnunulia bibi miwani. Kila kizuri mle ndani kilikuwa na mwenyewe: kabati la Dada, mabati ya Dada, madaftari ya Dada. Shuleni nilitamba kwamba dada yangu yuko ng'ambo, na aliyenibishia alikiona cha moto, maana hasira zangu ni za karibu tangu utotoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga pasi. Alisimama saa kumi kwa siku katika chumba cha chini cha hoteli kubwa. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa ya moto, yeye na mwenzake wakayashika ncha kwa ncha na kuyakunja, kisha yakafuata mashati ya wageni. Chumba alicholala kilikuwa cha wanawake wanne, kila mmoja na kitanda chake na ndoo yake, na kamba moja ya kuanikia iliyopita juu ya vichwa vyao. Haya aliyasimulia kwenye simu akicheka. Alisema akiona mtu njiani ana shati lenye mikunjo, mikono inamwasha. Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Zamu yangu ikifika nilisema, "Shikamoo Dada," na upande wa pili palikuwa kimya kidogo kabla hajaitikia. Nikikikumbuka kimya kile naumia. Wakati ule nilidhani ni mtandao.

Nilikuwa na miaka minane mwalimu alipotutaka tuandike majina ya mama zetu. Nikaandika la bibi. Mwalimu alimfahamu bibi, akamtumia ujumbe, na jioni bibi akanikalisha, akaniambia kwa upole kwamba Dada ndiye aliyenizaa. Sikulia. Niliuliza tu, "Sasa wewe nikuiteje?" Bibi alitazama pembeni, akasema tutaona. Hatukuona. Neno Mama lilikuwa na mtu tayari, nami sikujua linagawanywaje.

Alirudi moja kwa moja miaka kumi na tano tangu aondoke, na sanduku moja na mgongo uliochoka. Wiki ileile rafiki yake, mpiga pasi mwenzake aliyekuwa likizo, akaja kumtembelea. Alianza kuita tangu mlangoni, "Mama Kidoti! Mama Kidoti yupo?" Kidoti ni mimi, ndilo jina la utani nililopewa tangu kuzaliwa kwa sababu ya alama ya shavuni. Mama akatoka mbio akijifuta mikono, ameshaitika kabla hajafika. Rafiki akatuambia kule kazini hakuna aliyejua jina lake lingine. Kuanzia msimamizi hadi mlinzi wa mlango, wote walimwita Mama Kidoti, maana ndivyo alivyojitambulisha siku ya kwanza. Niliondoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Watu baki walimwita mama kwa jina langu miaka yote ile, nami mwenye jina namsalimu Dada. Niliona haya sana.

Toka hapo Dada sikuweza kumwita tena, na Mama nalo halikutoka. Nikawa simwiti kabisa. Nikimhitaji nilimfuata mpaka alipo, nikakohoa. Mama mdogo akanitania kwamba nitapelekwa kutibiwa kifua. Mama mzazi mwenyewe hakudai kitu. Alinipigia pasi sare ya shule kila asubuhi, nami nikashukuru huku natazama chini.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Wao wawili walikuwa barazani, bibi anachambua maharage, yeye anashona kifungo. Maziwa yakaumuka ghafla, nami sina kitambaa cha kushikia sufuria. Nikaita kwa nguvu, "Mama!"

Wakaitika wote wawili.

Nilimaanisha bibi, lazima niseme ukweli. Bibi naye alijua, maana alikuwa ameshainuka nusu, ungo mkononi. Kupitia mlangoni nilimwona akimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameinamia shati tena kwa aibu, kama mtu aliyeitikia salamu isiyo yake. Bibi akakaa polepole.

"Nenda, unaitwa," alimwambia.

"Amekuita wewe, Mama."

"Mimi nimesikia vizuri. Nenda, maziwa yatamwagika."

Akaja. Akaepua sufuria kwa pindo la nguo yake, akaniuliza bila kunitazama kama nilimwita. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akabaki ameishika vilevile, mpaka nikamwambia aiweke chini, ataungua.

Baadaye nilimpelekea bibi kikombe chake cha maziwa barazani. Nikamwita Mama, kama nilivyomwita maisha yangu yote. Hakugeuka. Nikarudia. Akaendelea kutoa vijiwe kwenye maharage, kimoja kimoja, midomo ameibana. Nilisimama pale mpaka kikombe kikaanza kuniunguza vidole, ndipo nikasema, "Bibi."

"Naam, mjukuu wangu," akaitika, akakipokea.